Herufi ya Jicho Lililotobolewa

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumzia herufi moja tu. Wakorea waliipokea kutoka kwa Wachina na huitamka "min". Maana yake ni wananchi. Huandikwa kwa mistari mitano tu, lakini asili yake inatisha.

Katika maandishi ya vyombo vya shaba vya China ya kale, yapata miaka elfu tatu iliyopita, min ni jicho lenye kitu cha ncha kali chini yake. Mwanahistoria wa Kichina, Guo Moruo, alieleza kwamba hilo ni jicho la mtumwa linalotobolewa. Si wataalamu wote wanaoafiki. Hata hivyo, kwa karne nyingi min alikuwa mtu wa kutawaliwa.

Mwaka 1446 Mfalme Sejong wa Korea alitangaza alfabeti aliyoiita Hunminjeongeum, yaani sauti sahihi za kuwafunza min. Nia ilikuwa njema, lakini mwalimu alikuwa mfalme.

Mwaka 1897 nchi iliitwa Daehan Jeguk, yaani dola ya mfalme mkuu. Japani ikaitwaa mwaka 1910. Mwaka 1919 wazalendo waliokuwa uhamishoni Shanghai waliunda serikali ya muda, wakaiita nchi yao Daehan Minguk. Waliondoa herufi ya mfalme, wakaweka ya wananchi. Hilo ndilo jina la Korea Kusini hadi leo.

Wakoloni nao waliitumia min. Mwaka 1941 shule za msingi ziliitwa "gungmin hakgyo", kwa shabaha ya kulea raia watiifu kwa Mfalme wa Japani. Uhuru ulipatikana mwaka 1945, lakini Korea Kusini iliendelea na jina hilo hadi mwaka 1996.

Demokrasia kwa Kikorea ni "minju", na "ju" ni mwenye mali. Kwa hiyo wananchi ndio wenye nchi. Lakini mwaka 1980, mjini Gwangju, wanajeshi waliwaua wananchi waliodai haki hiyo. Ni maandamano ya Juni 1987 yaliyoilazimisha serikali ikubali wananchi wamchague rais wao wenyewe.

Jina rasmi la Korea Kaskazini lina herufi min mara mbili, na huko mtawala humrithi baba yake. Kwa maoni yangu, kuwaandika wananchi katika jina la nchi ni kazi ya siku moja. Kazi kubwa ni kuwaachia macho yao waone, na vinywa vyao vinene.

Tukutane juma lijalo.