Kabla Hujachekelea Uso wa Mtu Uliovutwa

Wiki jana nilichekelea hapa uso wa msanii fulani aliyeenda kuvutwa ngozi. Mlicheka na mimi, mkasambaza vibaya sana. Usiku binti ya shangazi yangu akaniandikia: "Na wangu pia ni wa kuchekwa?" Aliungua na uji wa moto akiwa na miaka mitatu, huko Shinyalu. Kidevu kilishikana na shingo mpaka alipopasuliwa. Nikafuta ile posti, nikaingia kusoma (ndio, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili).

Anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuvuta uso ni Eugen Holländer, Berlin, 1901. Alikata vipande vya ngozi karibu na masikio ya mama mmoja tajiri, akashona. Basi. Ni kama kupunguza suruali kiunoni: inakaa poa kwa muda, halafu inalegea, juu ngozi peke yake haibebi mzigo. Na walivuta ngozi tu zaidi ya nusu karne! Mwaka wa 1974 Tord Skoog wa Sweden akaonyesha kuinua ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake. 1976 Wafaransa Mitz na Peyronie wakalieleza lile tabaka vizuri. 1990 Sam Hamra wa Marekani akaingia ndani zaidi. Siku hizi nyama ya ndani ndiyo inakazwa, ngozi inalazwa tu juu. Ule uso wa mtu anayepigwa na upepo kwa boda mara nyingi ni ngozi iliyokazwa kupita kiasi.

Sasa sikia hii. Mmoja wa mafundi wakubwa wa kuvuta nyuso New York alikuwa Thomas Rees. Alijifunza Uingereza kwa Archibald McIndoe, aliyetengeneza nyuso za marubani walioungua vitani. Mwaka wa 1957 hao wawili na Michael Wood, daktari mpasuaji aliyeishi huku kwetu, walianzisha AMREF, wale Flying Doctors wa Wilson. Rees alikuwa anaacha matajiri wa Manhattan, anakuja Afrika Mashariki kushona watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka na watu walioungua.

Nimemtumia binti ya shangazi haya yote. Tiki ni za bluu tangu asubuhi. Hajajibu.