Miti Mitatu, Jina Moja

Ukishuka kutoka Ngong kuelekea Suswa utapita Ewuaso Kedong, na hutaona mwaloni hata mmoja. Kuna migunga, leleshwa, mbuzi, na siku hizi ploti. Ardhi iliyosajiliwa kama ranchi za vikundi chini ya sheria ya 1968 imegawanywa sehemu nyingi za Kajiado, na watu wa Nairobi wanahamia na meza na makabati yao. Waulize ni ya mbao gani. Utaambiwa: "oak." Sawa, lakini oak ipi?

Mwaloni halisi ni Quercus. Wengi wetu tulilisikia jina lake kwenye Biblia, pale Abrahamu anapokaa kwenye mialoni ya Mamre. Enzi za ukoloni, Waingereza walikuta katika misitu ya Mlima Kenya mti ambao Wameru huuita muuru. Kwa ukoo ni ndugu wa mfudu wa Pwani, hauna undugu wowote na mwaloni. Sokoni ukapewa jina la Meru oak.

Wa tatu ni mgrevilia. Huu umetoka mashariki mwa Australia, ukapandwa hapa kama kivuli kwenye mashamba ya kahawa na chai. Mbao zake zina madoa ya kung'aa yanayofanana na ya mwaloni, basi walowezi wa huko wakauita silky oak. Hawakuishia hapo: hata mikaratusi yao fulani huuzwa mpaka leo kama Tasmanian oak. Mtu aliyeikumbuka kwao alibatiza kila mti uliofanana.

Jina hilo lina gharama yake. Muuru wa asili hupatikana Kenya tu, na umo kwenye orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na Rais Ruto akatangaza kuondoa marufuku hayo Julai 2023. Mgrevilia unaota shambani kwa mkulima. Kwa hiyo mteja akisema tu "fundi, nitengenezee ya oak," hajui kama anaagiza mti wa shamba au mti unaoisha msituni.

Rangi ndiyo hufichua siri. Mwaloni halisi una tanini nyingi. Msumari wa chuma ukilowa juu yake huacha doa jeusi. Vinyweleo vyake vikubwa hushika rangi ya unga na kuonyesha mistari mizito. Mgrevilia una wekundu wa chini kwa chini, muuru una ukijivu wa kahawia. Paka steini moja kwenye zote tatu na utapata rangi tatu. Fundi mjanja huanza kwa kujaribu chini ya meza, mahali pasipoonekana. Huchagua kipande cheusi kuliko vyote kiwe kipimo, kisha huvuta vingine kukifikia kidogo kidogo, maana kukoleza ni rahisi kuliko kufifisha. Kama steini ni ya mafuta na vanishi ni ya maji, huacha steini ikauke kabisa, au hupaka shelaki katikati, ile isiyo na nta, kwa sababu hiyo hushikana na zote mbili. Na mbao zilizotoka kwenye baridi ya Mlima Kenya huziacha kwanza zizoee ukavu wa bonde, la sivyo zitajikunja baada ya kupakwa.

Bonde lenyewe halikusubiri duka la rangi. Wamaasai walichanganya udongo mwekundu na mafuta ya mnyama, wakajipaka mwilini na kwenye ngozi. Olkaria, kule upande wa Naivasha kunakozalishwa umeme wa mvuke tangu 1981, imepata jina kutokana na udongo huo. Kanuni ni ileile ya steini: unga unaotia rangi, na mafuta ya kuushika.

Meza ya muuru na kabati la mgrevilia zinaweza kukaa chumba kimoja bila kugombana, bora fundi ajue kila moja ni mti gani. Ukienda kuagiza, usiseme oak. Sema mgrevilia. Ukiambiwa ni muuru, uliza umekatwa wapi.