Unaenda kulala kwenye hifadhi ya msitu Uganda?

Huenda ulikulia eneo lenye malaria. Kinga hiyo hupungua ukihamia mahali pasipo na malaria, kwa hiyo jiandae kama mgeni.

Kabla ya safari
- Pata chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla. Cheti hudaiwa mpakani.
- Omba dawa ya kuzuia malaria. Kama una ujauzito, sema mapema. Doksisaiklini huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kutoka eneo lenye malaria.

Ukiwa msituni
- Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Jioni vaa mikono mirefu.
- Usiingie mapango ya popo. Mwaka 2008 mtalii Mholanzi aliyeingia pango la msitu wa Maramagambo alifariki kwa Marburg.

Baada ya kurudi
- Malaria huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, upimwe.
- Usisubiri kuulizwa. Sema: "Nililala msituni Uganda." Kama uliingia pangoni, piga simu kwanza kituoni, ili wahudumu wajikinge.