Unga wa diatomaiti: kupambana na viroboto, kunguni na mende bila kumdhuru paka

Paka wa Unguja hana mlango wake maalumu. Mchana utamkuta Darajani chini ya meza za samaki, au shamba pembeni ya banda la kuku. Usiku yumo ndani, juu ya mkeka wanaolalia watoto. Anapoingia, viroboto huingia naye. Watu wakichoka kujikuna hutafuta unga wa kunyunyiza, na hapo hatari huanza, kwa sababu unga mweupe uko wa namna nyingi na baadhi yake huua paka.

Makala hii inaeleza unga mmoja, diatomaiti: ulivyo, unavyofanya kazi, unavyotumiwa nyumbani, na unga gani usichanganywe nao.

Diatomaiti ni nini?

Ni magamba ya viumbe vidogo sana vya majini, jamii ya mwani, ambavyo havionekani kwa macho matupu. Kila kimoja hujijengea gamba la silika, kitu kinachopatikana pia katika mchanga na kioo. Vikifa huzama, na baada ya muda mrefu sana magamba yao hurundikana yakawa mwamba mweupe, laini na mwepesi kama chaki. Huku kwetu Afrika Mashariki, mwamba huo umechimbwa kwa miaka mingi Kariandusi nchini Kenya, karibu na mji wa Gilgil na Ziwa Elmenteita. Ukisagwa hupatikana unga unaofanana na unga wa ngano.

Unaua vipi?

Mwili wa mdudu umefunikwa na utando mwembamba wa nta unaozuia maji yasitoke mwilini. Mdudu akipita juu ya unga huu, chembe zake hukwaruza utando huo na kufyonza nta. Maji humtoka, anakauka na kufa. Hahitaji kuula, kuupita tu kunatosha.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, hauui papo hapo. Huchukua siku kadhaa, na kwa kunguni huweza kufika wiki mbili. Pili, lazima uwe mkavu. Ukilowa, hauna kazi mpaka ukauke tena.

Hilo la pili ni kubwa kwa visiwani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ina unyevu mwingi na unga hupungua nguvu. Katika nyumba za Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, kwa hiyo vyumba vya chini huwa na unyevu hata mvua isiponyesha. Shamba, kwenye sakafu ya udongo, unga huchanganyika na vumbi na kupotea. Unafaa zaidi kwenye saruji kavu, kwenye mbao za kitanda, na kwenye nyufa ambazo maji hayafiki.

Viroboto: tibu mahali kabla ya paka

Viroboto unaowaona juu ya paka ni wachache. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila mia, wakihesabiwa pamoja na mayai na watoto wao, watano tu ndio walio juu ya mnyama. Waliobaki wako kwenye mkeka, godoro, nyufa za sakafu na vumbi la chini ya kitanda. Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo huteleza kutoka kwenye manyoya na kuanguka kila paka anapolala.

Ndiyo maana hatushauri kumpaka paka unga huu mwilini. Paka hujilamba mchana kutwa, na atauvuta puani na kuutia machoni. Pia hukausha ngozi yake. Nyunyiza anapolala na anapopita, yeye akiwa nje.

Fuata hatua hizi:

1. Osha matandiko ya paka na mashuka kwa maji ya moto, kisha yaanike juani.
2. Fagia vizuri kwa chelewa, hasa pembeni na chini ya vitanda. Taka zichome au zifukie.
3. Acha sakafu ikauke kabisa. Watoe watoto, paka na kuku, funika vyakula na maji, na zima feni.
4. Funga barakoa au kitambaa puani na mdomoni.
5. Nyunyiza utando mwembamba tu, kiasi kwamba hauonekani kwa urahisi. Wadudu huzunguka rundo la unga, hawalipiti.
6. Watu na wanyama warudi vumbi likishatulia. Sehemu wanazokanyaga au kulala, uache saa chache kisha uutoe. Ndani ya nyufa na nyuma ya makabati unaweza kukaa wiki nzima au zaidi.
7. Unapoutoa, tumia kitambaa kibichi. Ukiufagia mkavu utatimka vumbi.
8. Rudia baada ya wiki mbili au tatu. Kiroboto mchanga hujificha ndani ya kifuko chake, na humo unga haumfikii mpaka atoke.

Paka mwenyewe mchane kwa kitana chenye meno ya kubanana, kama kile cha chawa, ukikitumbukiza kila mara kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kujua kama ana viroboto, chukua vile vidonge vyeusi vilivyomo kwenye manyoya uviweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vikitoa rangi nyekundu, hiyo ni damu aliyonyonywa. Vitoto vya paka vichane kila siku, maana viroboto wengi huweza kuvimaliza damu mpaka vife.

Kunguni, mende na sisimizi

Kwa kunguni, tia unga kwenye maungio ya kitanda, kwenye matundu ya misumari na kwenye nyufa za ukuta ulio karibu. Usiumwage juu ya godoro mnalolalia. Kwa mende, uweke nyuma ya kabati la vyombo na kwenye pembe kavu za jiko, mbali na chakula. Kwa sisimizi, uweke kwenye njia wanayopita.

Hauui panya, wala si kinga dhidi ya mbu, kwa hiyo usiache kulalia chandarua. Usiunyunyize kwenye maua, kwa sababu unaua nyuki kama unavyoua kiroboto. Wapo wanaosema paka akilishwa unga huu hutoka minyoo. Hakuna ushahidi wa kutosha wa hilo. Minyoo ina dawa zake kwa daktari wa mifugo.

Wakulima wa Bara wanaujua unga huu kwa kazi nyingine. Tanzania ulijaribiwa kuhifadhi mahindi na nafaka nyingine dhidi ya dumuzi na fukusi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba unaweza kulinda nafaka ukitumiwa kwa kipimo sahihi.

Unga usiochanganywa na diatomaiti

Chokaa. Mafundi wetu wa kuta wanaijua vizuri: huunguza ngozi na macho. Paka akikanyaga chokaa kisha akalamba nyayo, ataungua mdomo na koo.

Unga wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea. Hiki ni kisa cha majina kufanana. Nao huweza kuwa diatomaiti, lakini mwingi wake umechomwa kwa moto mkali, na silika yake ikageuka kuwa ya namna inayoharibu mapafu. Vumbi la silika ya namna hiyo liliorodheshwa mwaka 1997 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtu akikuletea mfuko uliobaki hotelini, usiutumie nyumbani.

Dawa za mimea na dawa za mbwa. Hapa ndipo paka wanapokufa. Dawa nyingi za unga na za maji za kuua kupe na viroboto zina permethrini. Kwenye kopo utaona imeandikwa permethrin. Mbwa huivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Paka aliyepakwa hutetemeka, hutoka mate, hushikwa na degedege, na huweza kufa.

Hilo likitokea, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunge kwenye nguo kavu na mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka. Usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Yanaweza kuingia mapafuni. Chukua na kopo la dawa ili daktari asome jina.

Tahadhari kwa watu

Hata unga ulio salama ni vumbi. Mwenye pumu asinyunyize wala asikae chumbani wakati wa kunyunyiza. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi mengi bila kusugua. Uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, andika jina lake juu, na usiuweke karibu na unga wa kupikia.

Kabla hujanunua

Diatomaiti si bidhaa utakayoikuta katika kila duka, na unga usio na jina huuzwa kwa ahadi nyingi. Muulize muuzaji mambo matatu. Je, kwenye mfuko imeandikwa ni diatomaiti peke yake, bila dawa nyingine? Je, ni ile inayoruhusiwa kwenye chakula au nafaka, wala si ya bwawa la kuogelea? Je, mfuko umefungwa tangu kiwandani, au umepimwa dukani kutoka kwenye gunia? Likikosekana jibu hata moja, uache.

Usipoupata, usihangaike. Maji ya moto, jua, chelewa na kitana vikitumiwa kila wiki vitapunguza viroboto sana, na paka wako hatadhurika. Wakizidi, zungumza na afisa mifugo wa wilaya yako akueleze dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka na kipimo kinacholingana na uzito wake.