Kibaba cha Udhu Kandokando ya Ziwa: Historia ya Kipimo katika Nyumba ya Muislamu

 

Ramadhani moja nilikuwa nikisomesha mlango wa tohara baada ya alasiri katika msikiti mmoja hapa Mwanza, usio mbali na ziwa. Tulipofika kwenye mas-ala ya israfu ya maji, kijana mmoja akanyoosha mkono akasema: "Sheikh, hayo waliambiwa watu wa jangwani. Sisi Mwenyezi Mungu ametupa ziwa. Maji yanatoka ziwani, yanapita bombani, yanarudi ziwani. Israfu iko wapi?" Watu wakacheka. Nikamjibu haraka kwa hadithi mashuhuri ya Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), aliyekemewa na Mtume (s.a.w.) kwa kumwaga maji mengi katika udhu, na alipouliza kama katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa kuwa iko, hata mtu akiwa kwenye mto unaotiririka. Kijana akauliza: "Na sanad yake ikoje, Sheikh?"

Nilinyamaza. Nimeitaja hadithi hiyo juu ya mimbari miaka mingi bila ya kutaja hali yake, na hilo ni kosa langu. Ameipokea Ibn Majah, na Imam Ahmad, kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.), na katika mapokezi yake wamo Ibn Lahi'a na Huyayy bin Abdillah. Kwa ajili yao al-Busiri, aliyefariki mwaka 840 Hijria, aliihukumu kuwa dhaifu. Wako wanazuoni wa zama zetu walioipandisha daraja wakasema ni hasan. Kwa hiyo mwenye kuitumia na ataje hayo, wala asiifanye kuwa nguzo pekee ya hoja yake. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa kijana yule.

Mudi na swaa

Nguzo iliyo imara ni nyingine. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa swaa moja hadi mudi tano. Swaa ni mudi nne. Kwa kipimo cha jamhuri ya wanazuoni mudi ni kama robo tatu ya lita ya leo, au chini yake kidogo, na swaa haizidi lita tatu. Jabir bin Abdillah (r.a.) aliambiwa na mtu mmoja kuwa swaa haimtoshi kuoga, akamjibu kuwa ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na aliye bora kuliko yeye. Hiyo nayo ni ya Bukhari.

Lakini swaa yenyewe ni kiasi gani? Hapa ndipo penye kisa ambacho wanafunzi wengi wanakipita mbio. Abu Hanifa na wanafunzi wake wa Iraq walisema swaa ni ratli nane. Watu wa Madina walisema ni ratli tano na theluthi. Qadhi Abu Yusuf alipofika Madina aliwauliza hoja yao, wakamwambia watamletea kesho. Kulipokucha wakaja wazee wapatao hamsini, watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja ameficha swaa yake chini ya nguo, na kila mmoja akieleza kuwa ameipokea kwa baba yake au jamaa zake, na kwamba ndiyo swaa ya Mtume (s.a.w.). Abu Yusuf akazipima, akazikuta zinalingana. Akaiacha kauli ya mwalimu wake. Kisa hiki amekipokea al-Bayhaqi.

Tazama, ndugu msomaji, hoja ile ilitoka wapi. Haikutoka katika kitabu wala katika hazina ya khalifa. Ilitoka jikoni. Ni vyombo ambavyo wake na mama zao walipimia nafaka na fitri, vikarithiwa nyumbani kama vinavyorithiwa vitu vingine. Baadaye huko Maghribi watu walitengeneza mudi za shaba na kuchonga juu yake majina ya waliozipokea, mtu kwa mtu, hadi kufikia mudi ya Zayd bin Thabit (r.a.). Chombo cha kupimia kikawa na sanad kama hadithi!

Nasi Waswahili hatukuwa nyuma. Masheikh wa pwani waliita mudi kibaba, na swaa pishi, kwa kuwa pishi ni vibaba vinne vilevile. Kila mwisho wa Ramadhani nyumba za Kigoma, Tabora, Ujiji na Mwanza zilitoa pishi kwa kila kichwa. Kwa hiyo anayesema kupima matumizi ya nyumbani ni jambo tulilofundishwa juzi na wafadhili, asiwe na haraka. Tulikuwa nalo, tukaliacha mlangoni pa zaka, hatukuliingiza kwenye bomba wala kwenye jiko.

Je, maji yanarudi?

Hoja ya kijana ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba penye maji mengi hapana israfu. Hiyo imejibiwa zamani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika sherehe yake ya Sahih Muslim amenukuu makubaliano ya wanazuoni juu ya katazo la israfu ya maji hata kwa aliye kwenye ufukwe wa bahari. Wakahitilafiana tu kama ni makuruhu au haramu, na yeye akaona lililo dhahiri ni makuruhu. Al-Haskafi katika Wahanafi, aliyefariki mwaka 1088 Hijria, amepambanua zaidi: maji ya mto au maji ya mtu mwenyewe yana hukumu yake, ama maji yaliyowekwa wakfu kwa wenye kujitoharisha, na akataja humo maji ya madrasa, israfu yake ni haramu. Na maji ya misikiti yetu mengi ndiyo hayo. Analipiwa ankara na mama muuza dagaa aliyetia shilingi mia mbili kwenye sanduku la Ijumaa.

Sehemu ya pili ni kwamba maji yanarudi ziwani. Hapa fiqhi inahitaji kusaidiwa na historia ya ziwa lenyewe.

Mwaka 1858 Speke alifika ufukwe huu wa kusini akaliita ziwa kwa jina la malkia wake. Alikuja akiongozwa na habari alizopewa Kazeh, yaani Tabora, na Waarabu wafanyabiashara, hususan Sheikh Snay bin Amir, aliyekwisha kufika Buganda kabla yake. Ziwa lilikuwa linajulikana kwa wenyewe na kwa Waislamu kabla ya kubandikwa jina. Kituo cha Wajerumani kikajengwa Mwanza katika miaka ya 1890, reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, na mji ukapanda juu ya mawe. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja katika wilaya mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela.

Sasa, ziwa hili ni pana mno, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini si la kina kikubwa. Palipo kirefu kabisa ni kama mita 80. Maji yake mengi huja kwa mvua juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Nile pale Jinja. Jua likichukua maji halichukui uchafu. Kinachoingia kwa Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji letu, na kwa mifereji ya mitaa ya milimani, sabuni na choo na taka, hukaa humu kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wameona ukijani wa mwani ukizidi na hewa ikipungua kwenye maji ya chini. Magugu maji yalipotanda katika miaka ya 1990 yalikuta mezani kumeshaandaliwa. Kwa hiyo maji yanarudi, naam, lakini hayarudi kama yalivyotoka, na tuliokatazwa kukojoa katika maji yaliyotuama, na kujisaidia katika vyanzo vya maji, tunajua hilo lina hukumu gani.

Jiko

Nilidhani mas-ala yamekwisha hapo. Mke wangu, aliyekuwa akinisikiliza nikirudia darsa nyumbani, akaniambia: "Sheikh wangu, unapima maji ya udhu, haya. Na mkaa wa futari atapima nani?"

Alikuwa na haki. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuenea sana miaka ya 1980, aliwamaliza furu wengi. Furu na dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta, hataki jua, anataka moshi au kikaango, na kuni za moshi ule zilitoka kwenye miti ya pwani za ziwa na visiwa. Mkaa ndio mzito zaidi: kwa tanuri letu la udongo, kilo moja ya mkaa inakula kilo sita hadi kumi za kuni. Na moshi haupotei hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani, ile inayolisha mwani, inashuka kutoka hewani pamoja na mvua na vumbi, na moto wa kuni na mashamba umo katika sababu zake. Yaani hata jiko la Mabatini lina mfereji wake kwenda ziwani, ila unapita juu.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa ilikuwa ikipita miezi bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.), chakula kikiwa tende na maji. Sisemi tuache kupika. Nasema sufuria la pilau la maulidi linalobaki robo likamwagwa ni kuni zilizomwagwa, na ni maji yaliyomwagwa. Mwaka 2024 serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa. Madrasa za bweni zimo. Walimu wengi waliulalamikia gharama, na malalamiko yao si ya kupuuzwa.

Tulivyopima

Niliweka beseni chini ya bomba nikatawadha kama ninavyotawadha siku zote. Nikateka kwa kopo la lita moja: kopo tano, na zaidi kidogo. Mimi ninayesomesha mudi! Kwa birika, baada ya siku kadhaa za kujizoeza, nilifika chini ya lita moja na nusu. Kibaba sijakifikia. Nyumbani tukaanza kuandika ukutani madumu ya maji na debe za mkaa kwa wiki. Maharage yakalowekwa tangu usiku, mfuniko ukarudi juu ya sufuria, maji ya kusuuzia nguo yakapelekwa chooni. Mke wangu ndiye aliyeshika chaki, na hesabu yake ilikuwa kali kuliko yangu.

Natahadharisha jambo moja. Nawawi huyohuyo amenukuu makubaliano kwamba maji ya udhu na josho hayana kiwango cha lazima; la wajibu ni maji kupita juu ya kiungo chote. Mwenye ndevu nyingi, mama mwenye nywele nzito, mzee anayetetemeka mkono, hawa wasibanwe kwa kopo. Na mwenye wasiwasi asipewe kipimo kikawa wasiwasi mpya.

Kijana yule alirudi Ramadhani iliyofuata na kibaba cha bati cha bibi yake, akauliza: kama kibaba cha mchele na kibaba cha maji havilingani uzito, mudi ya udhu ni ipi? Nikamwambia mudi ni chombo, si mizani. Ujazo ni uleule, uzito ndio unaobadilika. Akakijaza maji pale pale kwenye bomba la msikiti, akakaa akatawadha, na sote tukimwangalia. Maji yalimwishia kwenye mguu wa kushoto. Akaongeza kidogo.

Wallahu a'lam.