Jina la Mgonjwa ni Amana: Funzo Kutoka Ufuo wa Mweru



Ndugu wasomaji, yakizuka maradhi ya kuambukiza, watu wa afya huuliza: jina lako nani, unaishi wapi, umekula na nani? Wengi wetu huona uzito kujibu. Kabla ya kulaumiana, tutazame historia ya ufuo huu wa Nchelenge.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kandokando ya maziwa yetu. Mwaka 1903, huko Uganda, David Bruce na wenzake walibaini kuwa huenezwa na mbung'o. Ulipofika Mweru, upande wa mashariki ulitawaliwa na kampuni ya British South Africa, na wa magharibi na Wabelgiji. Kampuni iliwahamisha watu kutoka ufuoni na bonde la Luapula, ikazuia uvuvi na kuvuka maji. Mvuvi akatenganishwa na riziki yake. Watu waliruhusiwa kurudi mwaka 1922.

Upande wa Kongo, watu walipapaswa shingo kutafuta matezi yaliyovimba. Msafiri alidaiwa cheti cha tabibu. Aliyeonekana mgonjwa alitengwa kambini mbali na jamaa zake, na dawa ya wakati ule, atoxyl, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Basi watu wakawa wanawakimbia wapimaji na kuwaficha wagonjwa wao.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tujiulize pia: ni nini kilichomfanya afiche? Alijua kuwa akijulikana atapoteza nyumba na watu wake.

Sasa tumkumbuke Sayyidna Umar (r.a.). Alipokuwa njiani kwenda Sham alipewa habari ya tauni. Aliwashauri Muhajirina, Answari na wazee wa Kikureshi, akaamua kurejea. Kisha Abdulrahman bin Awf (r.a.) akamweleza alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.): tusiingie penye tauni, wala tusiikimbie ikitukuta tulipo. Hapa habari ilitolewa kwa uwazi kwa sababu watu walishauriwa kwanza.

Mwanzoni mwa 2023 kipindupindu kilifika Nchelenge. Katika maradhi kama hayo, kujua maji yamechotwa wapi na nani amekula na mgonjwa huokoa nyumba ya jirani. Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Kwanza, tumwambie mhudumu wa afya ukweli wote. Pili, jina la mgonjwa lisifike sokoni, bandarini wala shuleni. Wazazi tuwafundishe watoto hivyo. Tatu, anayeuliza aeleze kwa nini anauliza, asichukue zaidi ya anachohitaji, na akihifadhi.

Amana ina pande mbili: anayeitoa na anayeipokea. Upande mmoja ukihini, wa pili utanyamaza, na maradhi yatapita katikati.

Wabillahi tawfiq.