Kuitwa tena kupiga picha ya titi: maana yake ni nini?

Munganga akisema «rudia, tupige picha ingine», wamama wengi wanafikiri moja kwa moja ni kansa. Haiko hivyo. Kati ya wanamuke 10 wanaoitwa tena kisha mamografi ya kawaida, hata mumoja hafike anayekutwa na kansa. Lakini ule mumoja akikosa kurudi, ugonjwa unaendelea kukomaa.

Wanaita tena juu ya nini? Pengine picha haikuonekana muzuri, ao kuko kivuli chenye hakijulikane. Mamografi ya pili inakaza ile sehemu moja tu, na picha inakuzwa. Kubanwa kunauma kidogo, lakini ni sekunde chache. Siku ile usipakae poda wala dawa ya jasho kwapani, juu inaweza kuonekana kwenye picha kama alama za ugonjwa.

Ekografi inaonyesha kama kivimbe ni kifuko cha maji ao ni nyama ngumu. Haina miali, ndiyo maana inafaa kwa mama mwenye mimba, na kwa vijana wa chini ya miaka 30 ndiyo inaanza. Mamografi haipatikane katika kila hospitali, kwa hiyo kwetu wengi wanaanzia pa ekografi.

Kwenye karatasi ya majibu, tafuta neno ACR na namba yake:
- 0: picha hazijatosha, inapashwa kuongeza zingine.
- 1 na 2: hakuna ubaya.
- 3: karibu hakika si kansa, unarudia picha kisha miezi 6.
- 4 na 5: kuko mashaka, inapashwa biopsi.
- 6: kansa imekwisha kuhakikishwa.

Biopsi ni kukamata kipande kidogo kwa sindano, kinapimwa ku labo. Ni hiyo tu inahakikisha kansa. Picha peke yake haitoshe. Na kama unagusa kivimbe lakini picha inasema hakuna kitu, usikubali kuishia pale: mamografi inaweza kupitwa na kansa.

Picha za zamani usizitupe. Zichunge, uende nazo kila mara, hata kama umekimbia vita na kubadilisha hospitali, juu munganga analinganisha za zamani na za mupya. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba majibu yote yapatikane katika siku 60 tangu mugonjwa alipofika kwa munganga. Mama, dada, ukiitwa, rudi. Na wewe baba, umusindikize.